Pumzi Kumi na Nane

Mgonjwa wa kitanda cha kumi na nne alisema alisukumwa. Alimwambia mwanawe, akamwambia mfagiaji, na asubuhi ya Alhamisi akamwambia afisa wa polisi aliyetumwa kuchukua maelezo yake. Tatizo ni kwamba kila aliposimulia, aliyemsukuma alibadilika sura.

"Ni yule msichana wa nguo nyeupe," alimwambia afisa. "Alinisukuma. Nikaangukia nyonga. Alikuwa na ndoo ya samaki."

"Ndoo ya samaki humu wodini, Bibi?"

"Kwani huioni? Si hiyo hapo." Akanyoosha kidole kwenye pembe ya chumba. Palikuwa na kiti kitupu.

Afisa aliandika yote, na ndoo akaiandika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, aliyekaa miaka kumi na mmoja kwenye dawati la hati za kughushi kabla ya kuhamishiwa makosa ya kujeruhi. Kule walimbandika jina la Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia maandishi alichotembea nacho mkobani, na jina lilimfuata kila alikohamishiwa.

Chini ya maneno ya bibi aliandika aliyoyaona mwenyewe. Vidole vilichokonoa shuka bila kutulia. Midomo ilikuwa na rangi ya mtu aliyetoka kula zambarau. Bibi alikuwa akisema maneno manne, anakata, anasema manne mengine. Hakukohoa hata mara moja.

Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya Lenzi tangu mwanzo, karibu kiasi cha kumkanyaga kisigino. Alikuwa mkandarasi wa barabara, na alizungumza kana kwamba mtambo wa kokoto ulikuwa bado unanguruma kando yake.

"Umesikia kwa masikio yako. Unasubiri nini?"

"Nasubiri kumaliza kuandika."

"Kamata kwanza, uandike baadaye. Jumatatu kaanguka mshonaji wa kitanda cha kumi na mbili. Jumanne kaanguka mkunga mstaafu wa kumi na moja, jana kafa. Jana hiyohiyo mama yangu. Mara zote tatu aliyekuwa zamu ni msichana mmoja. Mnataka wazikwe wangapi ndipo mjue kuna jambo?"

"Mama yako aliletwa hapa kwa ugonjwa gani?"

"Kidonda cha mguu. Alikuja wiki iliyopita akitembea mwenyewe."

"Na huwa anaona vitu ambavyo havipo?"

Mkandarasi alisogea mbele. "Mama yangu ana miaka sabini na nane na anajua tarehe ya kuzaliwa ya kila mjukuu wake. Ana akili kuliko wewe na mkuu wako wa kituo mkifungwa kamba pamoja."

"Basi haya ya ndoo yameanza lini?"

"Jumatatu. Tangu huyo msichana aanze kumnywesha madawa yake."

Lenzi alilipigia mstari neno Jumatatu.

*

Msichana mwenyewe alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Kimya, na haikuwa sifa. Lenzi alimhoji ndani ya stoo ya mashuka, kwa sababu ndicho chumba pekee ambacho Mkandarasi hakuweza kuingia. Kimya aliendelea kukunja mashuka. Kwenye kiwiko chake cha kushoto palikuwa na alama kubwa ya kuvilia damu.

"Hiyo umeipata wapi?"

"Sakafuni."

"Lini?"

"Jana."

"Ulimsukuma bibi wa kumi na nne?"

"Andika nilimsukuma. Nitatia sahihi. Huko mahabusu angalau nitalala."

"Sikuandikii jambo ambalo hukulitenda. Mara tatu wagonjwa wameanguka, mara tatu ulikuwa zamu. Nieleze hilo."

"Jumatatu mpaka leo sijatoka humu zaidi ya saa sita kwa mkupuo. Mtu yeyote akianguka, ataanguka mimi nikiwa zamu. Hata bati la paa likianguka."

"Wenzako wako wapi?"

"Wawili wako nyumbani. Mafua. Walifanya kazi siku tatu wakiwa nayo, waliponyimwa ruhusa. Mpaka mmoja akazimia pale mlangoni."

Lenzi alimsogezea daftari. "Niandikie saa zako zote za kazi, tangu Jumapili. Kwa mkono wako."

Kimya aliandika haraka, akasukuma daftari kiasi cha kuliangusha, akarudi kwenye mashuka yake.

Lenzi hakumwamini, wala hakumkatalia. Wazo lililomjia lilikuwa jepesi: muuguzi mmoja, wazee ishirini na wawili, na kabati lenye dawa za usingizi. Mtu aliyechoka angeweza kuwalewesha wagonjwa ili apate utulivu, na mzee aliyeleweshwa akiinuka kwenda msalani huanguka. Akaenda kukagua kabati. Daftari la dawa lilisema maboksi manne. Ndani yalikuwa matatu.

Kwa nusu saa kesi ilionekana imekwisha. Kisha mtunza dawa, mzee aliyekuwa akila karanga nyuma ya dirisha lake bila kumtazama mtu, akatoa karatasi ya wodi ya upasuaji. Boksi la nne lilikopeshwa huko Ijumaa iliyopita, na aliyelipokea alikuwa ametia sahihi.

"Isitoshe," alisema mzee akipangusa maganda, "umewauliza hao waliolazwa jirani nao? Mtu wa vidonge hulala. Wale watatu hawakulala. Mshonaji amekesha akishona shuka bila sindano."

*

Lenzi alirudi wodini kuomba mafaili. Hapo ndipo alipokutana na Matroni.

Matroni alikuwa ameiongoza wodi hiyo miaka kumi na tisa. Kofia yake ilinyooka kama imepigwa rula, na meza yake haikuwa na vumbi.

"Faili la mgonjwa si gazeti, Afande."

"Nina barua ya mganga mkuu."

"Barua ya mganga mkuu haijui kusoma chati. Wewe unajua?"

"Sijui. Najua kusoma mwandiko."

Aliachiwa mafaili, ila hakupewa kiti. Akayapanga kwenye kizingiti cha dirisha, akatoa kioo chake. Kila mgonjwa alikuwa na chati ya kupimwa mara nne kwa siku: joto, mapigo ya moyo, presha, na mwisho idadi ya pumzi kwa dakika. Alianza na bibi wa kumi na nne. Joto lilikuwa la kawaida tu, hata siku aliyoanza kuona ndoo. Pumzi kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na nane. Akachukua faili la mshonaji. Kumi na nane wiki nzima. Akachukua la bibi asiyehusika kabisa, wa kitanda cha pili. Kumi na nane.

Alipofika la ishirini na mbili hakuhitaji tena kioo.

Miaka kumi na mmoja ilikuwa imemfunza jambo moja kuhusu watu wanaobuni namba: huwa wanachagua namba moja inayopendeza, kisha wanaishikilia. Mapigo ya moyo yalipanda na kushuka, presha ilipanda na kushuka, maana hizo zinatoka kwenye mashine. Pumzi peke yake ndiyo inayotaka mtu asimame na saa na kumtazama mgonjwa kifuani dakika nzima.

Akafungua faili la mkunga mstaafu. Daktari alikuwa ameandika kwamba amefariki Jumatano saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwa uzee. Kwenye chati, saa nne asubuhi hiyohiyo, mkunga alikuwa akipumua mara kumi na nane. Saa nane mchana, akiwa chumba cha maiti, bado alikuwa akipumua mara kumi na nane.

Lenzi alirudi kwenye stoo ya mashuka na kuweka chati mbele ya Kimya.

"Maiti anapumua."

Kimya alitazama. Kwa mara ya kwanza mikono yake ikaacha kukunja. "Si mwandiko wangu."

Lenzi alikuwa ameshalijua hilo. Kwenye daftari lake, Kimya aliandika nane kwa mkato mmoja, bila kunyanyua kalamu. Nane za kwenye chati zilikuwa vigololi viwili vilivyopandana.

"Wewe uliandika nini, basi?"

"Safu ya pumzi naikuta imeshajazwa mezani. Nilizohesabu mwenyewe niliziandika kwingine. Kuna daftari la kupokezana zamu. Soma ukurasa wa Jumatatu."

Ukurasa wa Jumatatu ulikuwepo, kwa mwandiko wa mkato mmoja. *Kitanda 14 anaongea ovyo, hajala. Pumzi 30. Kitanda 12 vivyo hivyo, 28. Hawana homa, hawakohoi. Naomba daktari awaone.* Jumanne aliandika tena, akaongeza kitanda cha kumi na moja. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mtu alikuwa amejibu: *Wazee ndivyo walivyo. Punguza maneno.*

Lenzi alivua saa yake ya mkono. Ilikuwa na mshale wa sekunde. "Twende tukawahesabu."

"Sasa hivi?"

"Wewe anza upande wa dirisha. Mimi sijui kazi, nionyeshe mara moja."

"Tazama kifua, usimwambie unamhesabu. Kupanda na kushuka ni moja." Kimya alisema hayo kwa sauti ya mtu anayemfundisha mjinga, akaenda zake.

Iliwachukua karibu nusu saa. Matroni aliwafuata hadi kitanda cha tano akisema polisi hana ruhusa ya kugusa mgonjwa, na Lenzi akamjibu kwamba hajamgusa mtu. Mkandarasi aliuliza kama hii ndiyo kazi anayoilipia kodi. Walipokutana mlangoni na karatasi zao, wagonjwa saba kati ya ishirini na mmoja walizidi ishirini na nane. Bibi wa kumi na nne alikuwa thelathini na sita.

*

Daktari wa wodi alikuwa kijana mwenye macho mekundu, aliyekuwa akihudumia wodi tatu peke yake. Alikutwa kwenye ngazi akila mkate amesimama.

"Mafua?" alisema, Lenzi alipomtajia ugonjwa wa wale wauguzi wawili. "Nimewapima joto. Hakuna mwenye homa, hakuna anayekohoa. Afande, kila mtu ashike jembe lake."

"Muuguzi wako ameandika mara mbili uende ukawaone."

"Sijaletewa kitu."

"Najua. Nimekuletea mimi."

Alisoma karatasi, akaacha kutafuna. Kisha akashuka ngazi mbilimbili. Kwenye kitanda cha kumi na nne alimbana bibi kidoleni kwa kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni. Namba ilirukaruka, ikatulia kwenye themanini na moja. Akakivua, akakifuta, akakivalisha upya. Themanini na moja.

"Anatakiwa awe na ngapi?" Lenzi aliuliza.

"Tisini na tano. Leteni mtungi." Aliyasema hayo kwa Kimya, ambaye alikuwa ameshaufikisha.

Walipokwisha kumfunga bibi barakoa ya oksijeni, daktari alimpitishia kijiti cha pamba puani, akampima mshonaji, akawapima wengine watano. Alizungumza akiwa amempa Lenzi mgongo.

"Kijana akipata homa ya mafua, mwili unapiga kelele. Joto, kikohozi, makamasi. Mzee wa miaka themanini mwili wake umechoka kupiga kelele. Hapandishi joto. Hakohoi. Anachanganyikiwa, anagoma kula, miguu inamwisha nguvu anaanguka. Oksijeni inashuka taratibu na yeye mwenyewe hata hasemi kwamba anakosa pumzi. Kinachobaki kumsema ni kifua, kama kuna mtu anayekihesabu." Akafunga kijiti cha mwisho. "Shuleni tulifundishwa. Nilikuwa nalijua."

"Mkunga mstaafu ulimwandikia uzee."

Daktari alikusanya vijiti vyote, akaenda navyo maabara.

Majibu yalitoka baada ya dakika ishirini. Saba kwa saba walikuwa na virusi vya homa ya mafua. Vitanda vyao, kuanzia cha nane hadi cha kumi na tano, ukiacha kile cha marehemu mkunga, ndivyo vilivyokuwa sehemu ya wale wauguzi wawili waliokuwa nyumbani. Daktari alisema wodi ifungwe na kila aliyekuwa akiingia humo apimwe, ndugu wakiwemo. Mkandarasi alipofikiwa na kijiti alikisukuma mbali.

"Mimi ni mlalamikaji. Silali hapa."

"Umemlisha mama yako kwa kijiko siku nne," alisema daktari.

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye muuaji? Mmeshindwa kumkamata huyo, mnanigeukia mimi?"

"Kaa chini au toka nje," alisema Lenzi. "Chagua moja."

Akakaa, akafumba macho kama anayekatwa kidole, akapimwa. Hakuwa na virusi.

*

Matroni alimsubiri Lenzi mezani kwake, mikono imekunjwa.

"Chati hizi umezijaza wewe," Lenzi alisema. "Na hili la kalamu nyekundu ni lako."

"Nimejaza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wakaguzi wakija wakakuta pengo, wodi inashushwa daraja. Ikishushwa daraja, nanyang'anywa hata huyo mmoja niliyebaki naye. Niliomba wauguzi sita nikapewa watatu. Wawili wakataka kwenda kulala nyumbani kwa sababu ya makamasi."

"Wakazimia."

"Mmoja alizimia."

"Saa nne uliandika mkunga anapumua. Alikuwa amekufa karibu saa nzima."

"Huwa najaza za siku nzima asubuhi mapema. Sikujua kama atakufa."

"Ungejua, kama ungemhesabu."

Matroni alimtazama kwa chuki isiyojificha. "Miaka kumi na tisa, Afande. Nimewafunga macho watu usioweza kuwahesabu kwa kioo chako hicho. Ukiniandika mimi leo, kesho asubuhi wodi hii ataifungua nani?"

"Hilo sijui," alisema Lenzi, na akaandika. Kughushi kumbukumbu za mgonjwa. Alichukua mafaili yote ishirini na mawili kama kielelezo, baada ya daktari kunakili aliyoyahitaji, na akamtaka Matroni atie sahihi ya kukabidhi. Alitia. Tarehe ilikuwa na nane ndani yake, vigololi viwili vimepandana, na wote wawili waliiona.

*

Saa kumi jioni bibi wa kumi na nne aliomba maji. Oksijeni yake ilikuwa imefika tisini na mbili. Alimtambua mwanawe, akamuuliza kwa nini hajanyoa. Lenzi alivuta kiti, akamuuliza tena kuhusu jana, bila kumtajia mtu yeyote.

"Nilitaka kwenda msalani," alisema bibi chini ya barakoa. "Miguu ikakataa. Yule binti alikuwa mbali, akaja mbio, akanidaka. Mimi ni mzito. Nikamvuta. Tukaenda chini wote wawili, yeye akatangulia."

"Mama, ulisema alikusukuma," mwanawe alisema.

"Nilisema?"

"Mara tatu."

Bibi alifikiri. "Basi nilisema uongo bila kujua. Kamwombe radhi mtoto wa watu."

Mkandarasi alimtazama Kimya, aliyekuwa akibadilisha maji ya kichupa cha mtungi wa oksijeni hatua mbili kutoka hapo. Kimya hakugeuka. Mkandarasi akachukua koti lake na kutoka. Fomu ya malalamiko iliachwa juu ya meza ya kitanda bila sahihi.

Mshonaji alifariki Ijumaa. Wale wengine watano walishikilia. Jumamosi Lenzi alirudi na maelezo ya Kimya yaliyopigwa chapa, akakuta wauguzi wawili wapya kutoka wodi ya upasuaji, na meza ya Matroni ikiwa tupu, kwani alikuwa amesimamishwa mpaka kamati ikae. Wapya walipomwona afisa wa polisi waliacha kuongea. Hakuna aliyemkaribisha.

Kimya alisoma maelezo yake amesimama, polepole, kidole kikifuata mstari. Kwenye ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"Hili neno si langu."

"Lipi?"

"Umeandika, 'Nilimwonea huruma mgonjwa wa kitanda cha kumi na nne.'"

"Hukumwonea?"

"Alinitemea uji siku mbili, akaniita mwizi mbele ya watu. Sikumwonea huruma. Nilimwona anapumua thelathini, nikaandika thelathini." Akarudisha karatasi. "Futa."

Lenzi alilifuta kwa mstari mmoja ulionyooka, kama sheria inavyotaka, akaandika juu yake maneno aliyoambiwa. Wote wawili wakatia sahihi pembeni.

"Nikiitwa mahakamani nitasema hivyohivyo," Kimya alisema.

"Utaitwa."

"Siku ya kazi au ya mapumziko?"

"Sijui bado."

"Iwe ya kazi," alisema Kimya. "Ya mapumziko nitalala."